Boti Ipo, Bahari Ipo, Waya Ndio Hazielewani

Jamani mimi nilinunua boti niende kuvua, sikununua boti nigeuke fundi umeme. Boti yenyewe ya faiba, futi 19, mashine HP 60, tumechanga nusu kwa nusu na shemeji yangu, na mpaka leo ipo juu ya trela uani kwangu Kunduchi, ukipanda tofali la tatu pale ukutani bahari unaiona kabisa na kisiwa cha Mbudya kimekaa kinakutazama. Huu mwezi wa nne ipo pale. Watu wakiniuliza vipi, mmeshavua, najibu "tunamalizia mambo ya umeme," utadhani najenga hoteli.

Ilianza siku shemeji alipokuja na boksi. Akatoa chatiplota, ile skrini ya ramani ya baharini, akatoa fishifainda ya kuonyesha samaki chini ya boti, redio ya VHF ya kuongea baharini, antena ya GPS, spika mbili za muziki, na taa za bluu za kuwaka chini ya maji. Nikamuuliza hizi taa za nini? "Mapozi, shem." Sawa. Kilichobaki hakuna aliyekiuliza, kwamba hivi vyote vitakula wapi. Betri tunayo moja.

Tukaita fundi, fundi wa magari, kijana mzuri tu mwenye heshima zake, akaizunguka boti mara moja akasema "bosi wangu, volti 12 ni volti 12, boti na gari kitu kimoja." Nikamwamini kwa sababu bei yake ilikuwa nzuri. Saa tatu akawa kamaliza na soda kanywa. Kumbe waya kaziunga kwa kuzisokota na vidole akazungushia tepu nyeusi, fyuzi kaweka moja kwa boti nzima, na pampu ya kutoa ngama, yale maji yanayoingia chini ya boti, kaipelekea moto kwa waya wa spika, halafu kaipitisha kwenye swichi kuu. Maana yake nini, maana yake ukizima boti ukaenda kulala, maji yakiingia usiku pampu nayo imelala. Ile kitu pamoja na boya lake la kuiwasha maji yakipanda inatakiwa ichukue moto moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake peke yake, ikeshe kama mlinzi. Yetu ilikuwa mlinzi anayeondoka na ufunguo wa geti.

Lakini hilo lina afadhali. Waya wa fishifainda, ule unaotoka kwenye kile kidude kinachokaa majini kule tezi, nyuma ya boti, mwisho wake una plagi nene kama dole gumba. Tundu alilotoboa fundi ni la kalamu. Mimi nilikuwa ndani natafuta chaji, kurudi nimekuta kaukata ule waya, kaupitisha, na sasa anauunga upya na meno! Waya ule haukatwi jamani, ndani una nyuzi nyembamba zimevalishwa koti la matundumatundu la kuzuia makelele ya mashine, ukishalikata hilo koti kila cheche ya injini inaingia kwenye skrini. Na kaulaza ubavuni kwa ubavu na waya za mashine. Siku tumewasha kwa kujaribu, boti ipo kwenye trela, chini yake kuna kuku wawili na ndoo, skrini ikajaa samaki juu mpaka chini kama dagaa wameanikwa Mwanza. Shemeji akapiga picha akaposti.

Wiki ya sita hivi nikafungua tepu moja kwa udadisi tu. Shaba imeota unga wa kijani kama mchicha umekaushwa, na boti haijagusa maji hata siku moja, ni upepo tu wa Kunduchi. Mzee mmoja anayetengeneza boti za wazungu akanipa somo bure, kwamba baharini unatumia waya wa shaba uliopakwa bati, unabana terminali kwa plaiza yake maalumu, halafu unavalisha ule mpira wenye gundi ndani unaobana ukiupasha moto. Nikaenda Kariakoo. Nikaulizia waya wa shaba wa bati. Kijana wa kwanza akanielekeza maduka ya mabati ya kuezekea, wa pili akaniuliza nyumba ya vyumba vingapi. Nimeupata duka la kumi na kitu, bei nilimwambia mama watoto nusu yake.

Tukavua waya zote tukaanza upya, mimi na shemeji, bila fundi. Nikajifunza mambo ambayo sikuyaomba. Kwa mfano ukipiga stata, betri inaweza kuanguka chini ya volti 10 kwa sekunde kadhaa, na chatiplota kwa kuwa ina roho nyepesi inazima inaanza upya na ile nembo yake na onyo lake refu la kukubali masharti, yaani nahodha unapong'oa nanga ndio muda wa kusoma mkataba. Dawa ni betri ya pili ya vyombo. Betri ya pili haijapatikana kwa sababu hela ilienda kwenye taa za bluu. Na dira nayo, ile ya kawaida yenye kimiminika ndani, isiyohitaji umeme hata kidogo, nikasema angalau wewe huna matatizo, kumbe shemeji kafunga spika pembeni yake, spika ina sumaku, sasa boti uigeuze utakavyo, kaskazini ni spika ya kulia.

Redio ina kitufe chekundu cha dharura chenye kifuniko, shemeji anakipenda sana anakifunguafungua, sasa nimemwambia bila kuombewa namba yake ya utambulisho ya tarakimu 9 na kuingizwa mle ndani hicho kitufe ni pambo, tukizama tutabaki kupiga kelele chaneli 16, ile ya dharura, kwa mdomo. Anasema tutashughulikia wiki ijayo. Ya lini hiyo wiki.

Basi tukafika kwenye mtandao. Siku hizi vyombo vingi vya boti vinaongea kwenye waya mmoja mkubwa, chukulia kama barabara ya Morogoro na kila kifaa kina kituo chake cha kushukia. Nimeunga vizuri, kila kitu kinawaka, lakini hakuna anayemsikia mwenzie, GPS inajua tulipo lakini haisemi, redio inauliza tupo wapi, chatiplota inaonyesha mistari mitatu kama mtu aliyesusa. Siku nne. Mwisho nikasoma karatasi, karatasi ile tuliyokuwa tumeiweka chini ya mguu wa meza. Inasema huku na huku mwisho wa barabara lazima kuwe na kizibo chenye ukinzani wa omu 120, visipokuwepo ishara zinafika mwisho zinarudi zinagongana. Zima umeme, pima, vikiwepo vyote viwili unasoma 60. Nikapima na testa. 120.

Kwa hiyo kizibo kimoja hakipo. Na nikakumbuka, vilikuwa viwili vyeusi vidogo, nilidhani vya kuzuia vumbi tu.

Nimepekua uani, nimepekua boksi, nimemhoji mtoto mpaka kalia. Saa saba mchana nimeingia jikoni nimechoka kunywa maji, mama watoto kaweka wali wa nazi, na ile sufuria yake ya kichen pati yenye mfuniko wa kioo, kishikio chake kilivunjika toka mwaka jana, leo kina kishikio kipya. Kidogo, cheusi, kimefungwa na waya. Na waya wenyewe ni wangu, ule wa bati!

"Nimekiokota, baba watoto, si ulikitupa?"

Nimekifungua na koleo, cha moto, kinanukia nazi, nimekimbia nacho mpaka kwenye trela nimekifunga nikapima. 60. Nikawasha, chatiplota ikatupa boti yetu pale pale Kunduchi, uani, kati ya choo cha nje na mwembe, sikuamini, redio nayo ikaonyesha tulipo, shemeji akaanza kucheza.

Mama watoto kasimama mlangoni na mfuniko mkononi kaushika na kitambaa. Kasema ana wageni Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi jioni anataka kishikio chake.

Leo Jumanne. Shemeji anasema betri ya pili tutaazima.