Ukifika Uingereza, Agiza ya Pampu

Ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanaoishi Uingereza wakiingia pabu, macho huenda moja kwa moja kwenye bomba la laga. Heineken, Carling, yoyote ile, mradi iwe na gesi na glasi itoke jasho. Hapohapo kwenye kaunta imesimama mikono mirefu ya pampu za kuvutia bia kutoka pipani, nayo wanaipita kama hawaioni. Ukiuliza, jibu ni moja: "Hizo za wazee. Tena za moto."

Za moto! Wanaosema hivyo ni watu ambao nyumbani, kabla hawajakaa vizuri, mhudumu huwauliza "baridi au moto?" na nusu ya meza hujibu moto. Umekunywa Safari ya moto miaka yote pale Dodoma, leo unaogopa bia ya nyuzi 12? Maana bia ya pampu ikitunzwa ipasavyo hutoka na nyuzi 11 hadi 13 hivi. Kwa vipimo vya Dar hiyo ni bia ya friji.

Mimi naona hakuna mgeni aliyepaswa kuielewa bia hii haraka kuliko sisi. Mama wa Kichagga anayepika mbege hupika ndizi mbivu, huziacha zichachuke, huzichuja, kisha huchanganya na uji wa kimea cha ulezi. Uchungu anautoa kwenye gome la msesewe, ambalo kazi yake ni kama ile ya hopsi, maua yanayotia uchungu na harufu kwenye bia ya Mzungu. Na kila mnywaji wa mbege anajua kwamba ya leo si ya kesho: asubuhi ina utamu, jioni imekaza, kesho yake imeanza kuelekea kwenye ukali. Hakuna anayelalamika, kwa sababu pombe iko hai. Busaa ni hivyohivyo.

Sasa teremka kwenye stoo iliyo chini ya pabu. Laga ya bomba huchujwa, mara nyingi hupashwa moto ili hamira ife, halafu husukumwa juu kwa gesi ya mtungi. Bia ya pampu, ile ambayo Waingereza huiita real ale, hutoka kiwandani hamira ikiwa bado ndani yake, na huendelea kuchachuka humo pipani. Gesi yake imejitengeneza yenyewe, ndiyo maana ni pole, haikupandi puani. Mwenye pabu hulilaza pipa, huchomeka kijiti laini juu ili lipumue, hungoja siku moja au mbili masimbi yatulie, ndipo hugongomea bomba. Pipa la kawaida ni galoni 9, yaani painti 72. Likishaanza kunywewa hewa huingia, na baada ya siku tatu hivi ladha inaanza kuondoka. Kwa hiyo unachokunywa si kazi ya kiwanda peke yake. Nusu yake ni mkono wa mtu wa stoo. Bia ileile, kutoka kiwanda kilekile, inaweza kuwa tamu pabu hii na kuwa balaa pabu ya jirani.

Watu wa Mwanza watacheka hapa: ili hamira izame na bia ing'ae, viwanda vingi hutia dawa iliyotengenezwa kwa mabondo ya samaki, vile vifuko vya hewa vya tumboni. Yale yale ambayo kule ziwani sangara anapasuliwa yatolewe kwa uangalifu na kuuzwa China. Asiyekula samaki aulize kwanza, maana siku hizi viwanda kadhaa vimeacha kuyatumia na bia yao huja na ukungu kidogo.

Bia hii nusura ipotee. Miaka ya sitini makampuni makubwa yalikuwa yanaiondoa na kuweka bia inayosukumwa kwa gesi ya mtungi, isiyoharibika na isiyohitaji ujuzi wa mtu yeyote. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa likizoni Ireland wakaanzisha chama cha kuitetea, CAMRA (Campaign for Real Ale), ambacho leo kina matawi nchi nzima. Nawaheshimu, ingawa baadhi ya wazee wake hubishana juu ya pipa na mtungi kama wanagombea urithi. Vita yenyewe haijaisha. Mwaka 2024 Carlsberg Marston's walisitisha kule Burton upon Trent mfumo wa zamani wa kuchachulia bia katika mapipa ya mbao yaliyounganishwa kwa mabomba. Seti moja iliokolewa na kiwanda cha Thornbridge cha Derbyshire.

Uanze na ipi? Ukiwa London, kuna London Pride ya Fuller's, kilevi asilimia 4.1. Ni nzuri, ila sioni kama ndiyo itakayokubadilisha mawazo. Kinachobadilisha watu ni Landlord ya Timothy Taylor's kutoka Keighley, Yorkshire, asilimia 4.3: kimea kinakuja mbele, hopsi zinafuata na harufu kama ya ganda la chungwa, halafu uchungu safi unaokuita urudie funda. Kusini tafuta Harvey's Sussex Best, ya pale Lewes. Ina uchachu wa hamira yao wenyewe, watu wengine hawaupendi. Mimi naweza kukaa nayo jioni nzima, na kwa asilimia 4 kesho yake naenda kazini.

Aliyezoea Guinness na Castle Milk Stout namwelekeza kwenye Old Peculier ya Theakston, nyeusi nyekundu, ina ladha ya zabibu kavu na sukari guru. Ni asilimia 5.6 lakini inateleza kama soda, kwa hiyo heshimu. Na anayetaka hopsi zenye harufu ya matunda aombe Jaipur ya hao Thornbridge, asilimia 5.9. Ukiikuta ya pipa chukua hiyo, uiache ya kopo.

Kuhusu kopo nitasema machache. Bia za viwanda vidogo vipya, zenye michoro ya vibonzo, zenye ukungu kama juisi ya embe na kilevi cha asilimia 7 au 8, zipo nzuri. Lakini nyingi unakunywa nusu kopo umeshatosheka, na bei yake inauma. Bia ya pampu mara nyingi ni nafuu kuliko laga iliyo kando yake. Kwa nini bia inayotaka kazi zaidi iuzwe kwa bei ndogo, hilo Waingereza wenyewe wanalilalamikia.

Namna ya kuagiza. Usikae mezani ukingoja mhudumu: nenda kaunta, na unalipa papo hapo. Omba uonjeshwe; hutolewa kidogo bure, si aibu. Huna uhakika, chukua nusu painti. Kaskazini itakuja na povu zito kwa sababu wanafunga kichujio chenye matundu kwenye mdomo wa pampu; kusini povu ni jembamba na haina maana umepunjwa. Kimbia pabu yenye pampu nane na wateja watatu, maana mapipa hayo yamekaa. Pampu mbili zinazovutwa muda wote ndizo zenye bia.

Ikija na ukali wa siki, irudishe kwa adabu wakubadilishie. Pabu inayojiheshimu haibishani. Na ukiona kibao cha jina kwenye pampu kimegeuziwa mgongo, hiyo imekwisha, usiikazie macho. Omba inayofuata.