Nimefungua Milango Yote, Intaneti Ikakataa Kutoka

Naandika haya kisigino cha kulia kikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mama watoto ameuliza nimetoka wapi, nikamwambia kazini. Akaangalia kisigino, akaniangalia usoni, akaenda zake jikoni. Sasa ningemwelezaje mtu mzima mwenzangu kwamba nimechubuka kwa sababu ya kibodi? Tena si kibodi nzima. Ni kile kitufe kirefu cha chini, kisicho hata na herufi, ambacho ukikitazama unaona hakiwezi kumdhuru mtu.

Fremu yangu ya steshenari iko Mabatini, hapa Mwanza, chini barabarani. Habari za umeme, karatasi kupanda bei na wateja wa "nitakulipa kesho fundi" tuziache, wote tunaishi dunia hiihii. Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, nilihamia baada ya flashi za wanachuo kunijazia virusi mpaka kompyuta ikawa inafungua yenyewe picha za harusi ya watu nisiowajua. Kijana aliyeniwekea alisema hii inaitwa Ubuntu, kaianzisha Msauzi mmoja mwaka 2004, na jina lenyewe maana yake ni utu. Nikasema hapo sawa, nipe mashine yenye utu. Hakuniambia kwamba utu wenyewe ni wa mkwe: ukikosea anakutazama tu, hasemi neno.

Juzi usiku printa ikagoma. Inapokea kazi, inaikalia. Nikasoma mahali kwamba kwenye Linux mambo ya kuchapa yanasimamiwa na kitu kinaitwa CUPS, mafaili yake yako /etc/cups, na kwamba mafaili hayo yakifunguliwa ruhusa, printa inalainika. Amri nikapewa: sudo chmod -R 777 /etc/cups. Msiojua, sudo ni kuiamuru mashine kwa cheo cha mkuu wake, chmod ni kubadili ruhusa za mafaili, na hesabu ya ruhusa ni rahisi kama ya dagaa: 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 ni kuendesha, jumla 7. Saba ya kwanza ya mwenye mali, ya pili ya kikundi chake, ya tatu ya dunia nzima. Na ile R ni kuiambia mashine iingie mpaka vyumba vya ndani.

Usiku huo wadudu wa ziwani walikuwa wameamua kuhamia Mabatini kwa pamoja. Taa haionekani, kioo hakionekani, mdomo haufunguliki. Mmoja akatua kwenye kidole gumba. Nikamkung'uta. Gumba likaangukia kile kitufe kirefu. Basi badala ya /etc/cups ikaandikika /etc, nafasi, halafu /cups. Nikabonyeza.

(Nimekwisha kuwatupia wadudu lawama, lakini nakiri kwamba nilikuwa pia naangalia mpira kwenye simu.)

Mashine ikajibu mstari mmoja tu: hakuna kitu kinachoitwa /cups. Nikacheka. Nikaiambia, hakuna basi, yaishe. Kumbe ilikuwa inalalamikia kile kipande kisichokuwepo, na hiki kilichopo, /etc nzima, mahali inapotunza siri zake zote, imekwisha kukifungua kwa dunia nzima kimyakimya. Huo ndio ukwe ninaousema.

Printa ikabaki imegoma. Nikafanya ufundi tunaoujua wote: zima, washa. Ikawaka. Majina ya waifai za mtaa mzima yapo, na ya Mzee Mwenye Nyumba ipo, lakini nikiibonyeza inaniuliza pasiwedi. Mimi! Mwaka mzima tunaingia bila hodi, leo naulizwa kama mgeni. Nikataka kutumia sudo nirekebishe, sudo ikasema faili la sudoers, lenye orodha ya wanaoruhusiwa kuitumia, linaandikika na kila mtu, kwa hiyo haifanyi kazi na sisi tena. Yaani umemfungulia milango yote, na sababu ya kugoma ni kwamba milango imefunguliwa.

Asubuhi fundi mmoja wa Makoroboi nikampigia. Hakunisikiliza hata dakika: "Lete nikupigie Windows." Nikakata.

Sasa kuhusu hiyo pasiwedi. Waifai ni ya mzee, nyumba yake iko juu ya mawe, ruta kaiweka dirishani, intaneti inateremka kwangu kwa mteremko uleule wa maji ya mvua. Siku ananiunganishia alikuja mwenyewe na mjukuu wake, mjukuu akaandika, mzee akasimama mbele yangu amekunjua kanga ya mkewe kama pazia la jeneza. Sikuona hata herufi moja. Kwa hiyo njia ilikuwa ni kupanda, na kupanda kwa mzee huku una deni la kodi ya fremu ya miezi miwili si safari, ni kujisalimisha.

Mawe ya Mabatini mnayajua. Nimevaa viatu vya kazini, laputopu kifuani kama mtoto mchanga, mgongoni jua. Kuna jiwe moja pale katikati ambalo watoto wa darasa la pili wanaliruka wakiwa na ndoo kichwani. Mimi nililipita kwa makalio. Mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo akaniambia, "Pole baba, kwani hukuuliza njia?" Kisigino kikaanzia hapo.

Mzee nikamkuta chini ya mwembe, anawalinda dagaa wake juu ya jiwe dhidi ya kunguru, fimbo mkononi. Alikuwa baharia wa meli za ziwa hili mpaka anastaafu, na hajateremka melini mpaka leo. Sebuleni anapaita sitaha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta?"

"Hapana mzee, nimekuja kwa jambo lingine."

"Kuna jambo lingine?"

Nikakaa kwenye jiwe. Tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za goti lake la kushoto, za goti lake la kulia. Kunguru akatua, akafukuzwa. Nikaona hapa pakipoa tu nitaulizwa tena kama nimeleta.

"Mzee, nilikuwa naomba ile pasiwedi ya waifai."

"Ile niliyokupa imekwisha?"

"Haijaisha mzee. Kompyuta imeisahau."

Akaigeukia laputopu, akaitazama kwa masikitiko, kama anatazama mtoto wa ndugu aliyefeli. "Kompyuta inasahau? Mimi nilidhani mliacha madaftari ili mpate kitu kisichosahau." Halafu akanyoosha mgongo. "Mimi sisahau. Tulikuwa tunaondoka Mwanza usiku, asubuhi Bukoba, na shehena nzima iko hapa." Akagonga paji la uso. "Mikungu ya ndizi naijua kwa idadi. Leo mmejengewa daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3, mnavuka mmekaa, hata jina la kivuko hamkumbuki. Lete hiyo mashine."

Nikampa. Akavua kofia, akaifunika juu ya kibodi, akaingiza mkono mmoja chini yake kama anayepapasa kambare topeni. Anatafuta herufi. Tak. Kimya cha kukaanga yai. Tak. Akanyanyua kofia kidogo, akachungulia, akaishusha. Mimi nimegeuza uso kwa heshima, naliangalia ziwa, naona kivuko cha Kamanga kinatoka. Kilipofika katikati, mzee akabonyeza.

Ikakataa.

"Mashine yako ina kiburi."

"Labda herufi kubwa mzee."

"Unanifundisha pasiwedi yangu?"

Nikanyamaza. Akaanza tena. Tak. Mara ya pili ikakataa. Mara ya tatu akawa ananong'ona wakati anaandika, nikasikia kitu kama jina la mkewe, kisha kitu kama jina la mtu ambaye si mkewe. Ikakataa yote mawili. Mara ya nne akaacha kofia imeinama upande, hafichi tena, na nikaona kidole kimesimama hewani juu ya kibodi, hakijui pa kwenda. Ndipo nikaelewa. Mzee hakumbuki! Na mimi najua kwamba hakumbuki, na yeye ameona kwamba nimejua, na katikati yetu kuna dagaa na kunguru watatu.

"Labda tumpigie mjukuu," nikasema taratibu, naangalia pembeni.

"Yuko Dodoma. Ana mitihani. Hasumbuliwi." Akafunga laputopu kwa kishindo, akavaa kofia, akakohoa kikohozi cha nahodha. "Isitoshe, mtu hapewi pasiwedi mara ya pili ana deni la miezi miwili. Hiyo ndiyo sheria."

Ilikuwa sheria mpya, imetungwa pale pale chini ya mwembe, na mashahidi ni kunguru. Lakini ningesemaje? Ningemwambia mzee wa watu, aliyejua idadi ya mikungu ya Bukoba, kwamba amesahau? Nikatoa elfu hamsini niliyokuwa nimetenga ya karatasi. Akaihesabu. Akaihesabu tena. Akasema nirudi nikimalizia, pasiwedi itakuwepo. Nikateremka. Kuteremka ni kubaya zaidi, maana miguu inakwenda kabla yako, na lile jiwe la katikati lilinisubiri. Malengelenge ya pili ni ya hapo.

Nafika fremuni nakuta binti wa chuo ananisubiri na fomu zake za mkopo. Nikamwambia hakuna intaneti, nikamweleza kwa hasira, nikafika mpaka kwenye 777. Akaweka mkono mdomoni.

"Baba, ulifungua /etc yote?"

"Ni mdudu."

Akaomba kukaa. Akanieleza huku anaandika. Ndani ya /etc kuna kabati la NetworkManager, yule msimamizi wa mtandao ndani ya mashine, linaitwa system-connections, na kila waifai uliyowahi kuingia ina faili lake humo, pasiwedi ikiwemo. NetworkManager inataka faili hilo liwe la root, yaani mwenye nyumba wa mashine, na ruhusa iwe 600: yeye asome, yeye aandike, wengine wapite mbali. Ikiwaka ikakuta faili liko wazi kwa kila mtu, hailigusi, inajifanya haijawahi kuliona.

"Kwa hiyo pasiwedi ipo humu humu?" nikauliza.

"Ipo baba. Na kwa kuwa umeweka 777, hata sudo haihitajiki kuisoma. Mtu yeyote anaisoma."

Akaandika mstari mmoja. Ikatoka kioo kizima, herufi za wazi, bila kanga wala kofia: psk=babuusisahau.

Nilikaa kimya kwa muda. Elfu hamsini. Mawe. Pasiwedi nimeibeba kifuani kwenda na kurudi. Mjukuu kwa mapenzi yake kamwandikia babu yake pasiwedi ya kumkumbusha asisahau, naye akasahau kwamba ndiyo hiyo. Nikasema neno ambalo binti hakupaswa kulisikia kwa mtu wa umri wangu, nikamwomba radhi.

Yeye alikuwa ameshaendelea. Sudo imekufa, lakini kuna njia nyingine ya uani inaitwa pkexec, inauliza pasiwedi kwenye kidirisha. Kwa hiyo akairudisha sudoers kwenye 440, na zilizomo sudoers.d vilevile, sudo ikafufuka. Mafaili ya waifai 600. Lile faili la shadow, linalotunza pasiwedi za watumiaji, 640. Akawasha NetworkManager upya, alama ya waifai ikajaa mistari yote. Akaniambia nisijidanganye: kwenye /etc kila faili lina kiasi chake, haiwezekani kuyakumbuka yote, ninakili kazi zangu kwenye diski ya nje, wikiendi niweke mfumo upya. Nikamwambia wabeja, asante ya Kisukuma. Nikamwambia fomu zake nachapa bure.

Printa ikapokea kazi, ikaikalia.

Akaenda kuchapa kwa jirani. Jirani akamtoza mia mbili kwa ukurasa, na akanipungia mkono.

Jioni nafunga fremu nasikia sauti inashuka kutoka juu ya mawe: "Fundi! Hiyo mashine yako imekumbuka?"

"Imekumbuka mzee!"

Kimya. Redio ikazimwa. Kisha sauti ikashuka tena, ndogo, ya mtu aliyeangalia kwanza kama mkewe yuko karibu: "Basi panda kidogo. Kuna simu mpya hapa. Na usije na maneno mengi."

Nipande tena! Na kisigino hiki! Nikauliza kama ile elfu hamsini tutaihesabu vipi, hakunisikia, au alinisikia. Nikavua viatu, maana kwa miguu mitupu mawe yanashika zaidi, hilo hata wale watoto wa ndoo wangeniambia. Nimefika kwenye lile jiwe la katikati umeme ukakatika mlima mzima, na kutoka kule juu namsikia mzee gizani anagombana na kunguru, ambaye saa hizo alitakiwa awe amelala.