Mheshimiwa Akija Ibadani: Kiti, Kipaza Sauti na Bahasha

Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto alihudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, mashariki mwa Nairobi. Kwaya na watoto wa parokia walipewa shilingi 600,000, nyumba ya mapadri ikapata milioni 2, na juu yake zikaahidiwa milioni 3 nyingine pamoja na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitoa taarifa kwamba fedha zilizopokewa zitarudishwa kwa waliozitoa, na zilizoahidiwa hazitapokewa, basi likiwamo. Siku tatu kabla ya misa hiyo, maaskofu Wakatoliki walikuwa wameikemea serikali hadharani kwa utamaduni wa uongo, utekaji wa watu na madeni ya NHIF, bima ya afya ya umma, kwa hospitali za kanisa.

Miezi isiyotimia minne baadaye, tarehe 2 Machi 2025, Rais huyo huyo alitoa milioni 20 katika kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu, Nairobi. Askofu Edward Mwai alizipokea na kuzitetea. Jumapili iliyofuata vijana waliandamana kwenda kanisani hapo, nao polisi wakawatawanya kwa vitoa machozi.

Mji ni mmoja na Biblia ni moja, lakini majibu mawili yanapingana kabisa. Wapo wanaosema tofauti hii inaonyesha kwamba Wakristo wa Kenya hawana umoja, na wapo wanaosema inaonyesha nani jasiri na nani amenunuliwa. Kauli zote mbili zinarahisisha mno jambo lenyewe.

Wanaotaka viongozi wapokewe kwa mikono miwili wana hoja, na si haki kuzipuuza. Paulo anaagiza katika 1 Timotheo 2 kwamba dua na sala zifanywe kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka. Ni vigumu kumwombea mtu huku umemfungia mlango. Wanasiasa wengi wa Kenya ni Wakristo waliobatizwa, wana makanisa yao na wanatoa fungu la kumi kama washirika wengine. Tena kanisa halijawahi kuishi kando ya serikali. Shule nyingi zina kanisa kama mfadhili huku walimu wakilipwa na serikali, na hospitali za misheni zinategemea bima ya umma ili zilipe wauguzi. Harambee nazo zilijenga madarasa na zahanati tangu uhuru, na wanasiasa walikuwa wachangishaji wakuu. Askofu anayeweza kumpigia gavana simu usiku vijana wake wanapokamatwa ana kitu ambacho askofu aliyejitenga hana. Kisha kuna suala la uwezo. Jimbo kuu lina mali, mashirika na waumini wa kutosha kurudisha mamilioni na bado likajenga. Kanisa la mabati lenye washirika themanini, ambalo mchungaji wake hana mshahara, haliko katika hali hiyo. Kulihukumu kwa kipimo cha jimbo kuu ni kuonea wanyonge.

Upande wa pili unaleta historia, nayo ni nzito. Mwaka 1986 chama tawala, KANU, kilipoamua uteuzi wa wagombea ufanywe kwa mlolongo, watu wakijipanga hadharani nyuma ya mgombea, Baraza la Makanisa, NCCK, lilipinga. Sauti zilizosikika miaka hiyo zilikuwa za maaskofu Waanglikana Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge, na mchungaji Mpresbiteri Timothy Njoya. Gitari alivamiwa nyumbani usiku mwezi Aprili 1989, akanusurika kwa kupanda juu ya paa. Muge alionywa na waziri Peter Okondo kwamba akienda Busia huenda asirudi hai. Alikwenda, na tarehe 14 Agosti 1990, akirejea, akafa katika ajali ya barabarani. Watu hawa waliweza kusema kwa sababu hawakuwa na deni kwa yeyote aliyewasikiliza. Mchungaji ambaye paa lake limelipwa na mheshimiwa hahitaji kutishwa na waziri. Atajinyamazia mwenyewe, na hata yeye hatatambua ni lini alianza.

Binafsi naona upande huu wa pili una uzito zaidi, ingawa hitimisho lake la kawaida, yaani kuwapiga marufuku wanasiasa, halitatui tatizo. Tatizo haliko kwa mtu kuingia kanisani. Liko katika mambo matatu yanayomfuata: kiti, kipaza sauti na bahasha.

Kiti kinaonekana kidogo. Jumamosi maafisa wa itifaki wanafika, safu ya mbele inaondolewa wazee na kutandikwa vitambaa, ibada inacheleweshwa kumngoja mgeni. Yakobo 2 inalitaja jambo hili waziwazi: mwenye pete ya dhahabu anaambiwa aketi mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame. Walinzi wanahitaji nafasi chache, wapewe. Zaidi ya hapo, saa ya ibada ibaki ile ile, na mgeni aketi alipokuta.

Kuhusu kipaza sauti, Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu huko Butere, katika ibada ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya kanisa hilo nchini kama askofu. Wakaribishwe kuabudu, alisema, lakini siasa waifanyie nje. Maaskofu Wakatoliki nao wakatoa msimamo unaofanana mwezi huo huo. Tangu hapo agizo limekuwa likivunjika sehemu zile zile. Mchungaji anamwita mheshimiwa "asalimie waumini" dakika mbili, nazo zinakuwa ishirini. Au hotuba inahamishiwa uani, vyombo vya sauti ni vya kanisa, mshereheshaji ni yule yule, na kasisi amesimama pembeni akiwa bado na mavazi ya ibada. Watu hawaoni tofauti, na hawakosei. Agizo linalotaka kushika linapaswa kusema mambo haya kwa maandishi: hakuna salamu za mgeni kabla ya baraka ya mwisho, vyombo vya kanisa havitumiki baada yake, na mhudumu aliyevaa mavazi ya ibada hasimami jukwaani. Limhusu mwakilishi wadi sawasawa na Rais, maana agizo linalowakamata wageni wakubwa tu huchukuliwa kuwa upinzani dhidi ya mtu mmoja.

Mazishi ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Wenye ratiba ni familia, wanasiasa ndio waliochangia jeneza na usafiri, na hakuna kasisi anayetaka kubishana mbele ya maiti. Njia iliyo salama ni kumaliza jambo hilo siku familia inapokuja kuomba ibada. Wapewe karatasi inayosema nani atazungumza ndani ya ibada, wasaini, na hotuba za wageni ziwekwe kabla ibada haijaanza au baada ya kaburi kufunikwa.

Bahasha ndiyo kiini. Tarehe 5 Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Muswada wa Fedha, Rais Ruto mwenyewe aliwakataza maafisa wa serikali kushiriki harambee. Miezi minne baadaye akawa Kayole, na mwaka uliofuata Roysambu. Mshahara wa Rais ni takriban shilingi milioni 1.4 kwa mwezi, kwa hiyo milioni 20 zinazidi mshahara wa mwaka mzima. Mtetezi atasema, kwa haki, kwamba mtu anaweza kuwa na biashara zake. Ni kweli, ila kanisa linalopokea bila kuuliza linakuwa limejibu swali hilo kwa niaba ya mlipa kodi ambaye hakuulizwa.

Tazama pia pesa za Kayole zilivyogawanywa: sehemu kwa kwaya na watoto, sehemu kwa ujenzi. Huo ndio mlango ambao maagizo mengi huusahau. Vyama vya akina mama, vijana na kwaya mara nyingi vina akaunti zao ambazo mkaguzi wa parokia hazioni. Katazo likiihusu parokia peke yake, fedha zitapitia sare za kwaya. Kinachofaa ni kila kundi lifungwe na kanuni moja. Sadaka ya mgeni iingie kikapuni bila kutangazwa. Kinachozidi kiwango ambacho baraza la parokia limekiandika kipitie benki au nambari ya malipo ya kanisa kwa jina halisi la mtoaji, kipewe risiti, kisomwe katika mkutano wa mwaka pamoja na michango ya wengine. Pesa taslimu kutoka kwa msaidizi wa mheshimiwa zikataliwe pale pale, kwa kuwa kuzirudisha baadaye kunahitaji askofu mkuu na vichwa vya habari.

Sasa suala la umoja. Wengi hudhani makanisa yakizungumza kwa sauti moja yatakuwa salama. Biblia haisemi hivyo. Katika 1 Wafalme 22 manabii wapatao mia nne walikubaliana kumwambia mfalme Ahabu apande kupigana Ramoth-Gileadi, na aliyesema kweli alikuwa Mikaya peke yake. Historia ya Kenya nayo inaonyesha umoja hudumu pale swali linapokuwa finyu. Mwishoni mwa 1999 Wakristo, Waislamu na Wahindu walikutana katika Jumba la Ufungamano, Nairobi, wakadai wananchi ndio watengeneze katiba, wala si chama tawala kupitia Bunge. Tume waliyoiunda iliungana na ile ya serikali chini ya Yash Pal Ghai mwaka 2001. Swali lilikuwa moja: nani anaandika? Lilipogeuka kuwa nini kiandikwe, Mahakama za Kadhi, zinazoamua mambo ya ndoa na mirathi ya Waislamu na zilizokuwamo katika katiba tangu uhuru, zikawatenganisha. Mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa waliipinga katiba mpya kwa ajili ya mahakama hizo na suala la utoaji mimba, na wapiga kura wakaipitisha kwa takriban asilimia 67, Wakristo wengi wakiwamo.

Umoja wa kumuunga mkono mgombea ulileta mabaya zaidi. Katika uchaguzi wa 2007 wachungaji waliwabariki wagombea wa makabila yao. Ghasia zilifuata, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Februari mwaka huo NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande, ndiyo maana hawakuweza kuzikabili hatari zilizokuwa zikionekana.

Kwa hiyo, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, sioni haja ya tamko la pamoja kuhusu nani anafaa kutawala. Panahitajika kanuni ya pamoja kuhusu kipaza sauti na fedha, isainiwe na maaskofu Wakatoliki, NCCK na Muungano wa Makanisa ya Kiinjili, na iandamane na mfuko ambao makanisa makubwa yanauchangia ili kanisa dogo likihitaji mabati lisilazimike kumngoja mheshimiwa. Bila mfuko huo, kanuni itakuwa anasa ya wenye uwezo.

Makanisa huru yasiyo na askofu wa kuyaamuru hayataguswa na sahihi hizo. Humo nguvu iko kwa washirika. Kanisa lililosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama linapaswa kuwa na mkutano mkuu wa mwaka na kuwaonyesha wanachama hesabu zake. Mshirika anayetaka kujua milioni za Jumapili fulani zilikwenda wapi ana haki ya kusimama katika mkutano huo, kumwomba mweka hazina asome jina la mtoaji, tarehe, kiasi na matumizi, na kutaka majibu yaandikwe katika kumbukumbu.