Chupa ya juani na seli ya titi

Ujumbe wa sauti umezunguka tena katika simu za akina mama hapa Lamu: maji ya chupa iliyoachwa juani botini huleta saratani ya matiti, kwani plastiki hutoa kemikali inayojifanya homoni ya kike. Kuna walioamini papo hapo, kuna waliocheka. Wote wameharakisha.

Ukweli umo. Mwaka 1936 Charles Dodds, wa Uingereza, alionyesha kuwa bisfenoli A, kemikali inayotumika kutengeneza plastiki ngumu, hufanya kazi kama estrojeni, ile homoni ya kike. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Boston, Ana Soto na Carlos Sonnenschein waliona seli za saratani ya titi zikizaana bila kupewa homoni. Kumbe nonilifenoli, kemikali nyingine ya plastiki, ilikuwa ikivuja kutoka kwenye mirija ya plastiki ya maabara. Kemikali hizi hushika kipokezi cha estrojeni, yaani pale homoni hiyo inaposhika kwenye seli, na kuisukuma seli igawanyike. Hapo ndipo penye hofu yangu. DNA, uzi wa urithi ulio ndani ya seli, hukatika kila siku, na vimeng'enya na protini kama PARP1, BRCA1 na RAD51 husaidia kuiunga. Seli inayosukumwa kugawanyika ni kama jahazi linaloshushwa majini kabla ya kutiwa kalafati vizuri: nyufa huenda nalo, na seli zinazozaliwa huzirithi. Tena katika majaribio, bisfenoli A kwa kipimo kikubwa imeonekana ikiongeza mikatiko hiyo katika seli za MCF-7, seli za saratani ya titi zinazokuzwa maabara.

Ila MCF-7 ni seli za mwanamke mmoja, mtawa wa Marekani, zilizochukuliwa mwaka 1970. Zinaishi sahanini, hazina ini. Mwilini, ini huifunga bisfenoli A, nayo hutoka kwa mkojo, nyingi yake ndani ya siku moja. Na nguvu yake kwenye kipokezi ni maelfu ya mara chini ya estrojeni yetu wenyewe. Wataalamu nao hawajaafikiana: mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango kinachoruhusiwa mara 20,000, hali Marekani imebaki na msimamo wake kwamba kiasi kinachopatikana katika chakula ni salama.

Halafu ujumbe umekosea chupa. Zile nyembamba za maji hazitengenezwi kwa bisfenoli A, wala dumu la njano. Iko katika polikaboneti, ile plastiki ngumu ya baadhi ya chupa za lita 20, na katika utando wa ndani wa baadhi ya makopo ya chakula.

Mimi uji wa moto siutii tena kwenye plastiki. Bakuli la kauri halinigharimu kitu. Lakini sikubali tahadhari hii ndogo igeuzwe hukumu. Anayehisi kinundu titini aende hospitali wiki hiyohiyo, hata kama hajawahi kugusa chupa. Jirani yangu alipougua, waliokuja kumtazama walimuuliza kama alipenda maji ya chupa. Maisha yake yote alikunywa maji ya visima vya Shela.