Fomu iliyorudi bila sahihi

Kwenye wodi zetu kuna mgawanyo wa kazi ambao kila mtu anaufahamu hata kama hajawahi kuusoma popote: daktari anaeleza, muuguzi anashuhudia. Daktari ndiye atakayeshika kisu, kwa hiyo ni juu yake kumwambia mgonjwa atafanyiwa nini, kwa sababu gani, na hatari zake ni zipi. Kazi ya nesi ni kuhakikisha fomu ya ridhaa, ile ya mgonjwa kukubali kupasuliwa, ina jina, tarehe na sahihi kabla mgonjwa hajavuka mlango wa thieta, chumba cha upasuaji. Sahihi isipokuwepo, anaulizwa nesi. Mgonjwa asipoelewa, haulizwi mtu.

Wanaoutetea mgawanyo huu si watu wabaya, na hoja zao nazijua kwa sababu nimewahi kuzitumia mwenyewe. Ya kwanza ni ya kitaalamu: muuguzi akianza kueleza hatari za upasuaji ambao hataufanya yeye, anaweza kukosea, na mgonjwa akaamua kwa kutegemea kosa hilo. Ya pili ni ya huruma: mgonjwa aliyeambiwa kila kitu huingiwa na hofu, na mwenye hofu anaweza kuikataa tiba ambayo ingemwokoa. Ya tatu, yenye nguvu kuliko zote, ni ya saa. Mapigo ya mtoto yanashuka, mama ana uchungu tangu jana, nje wamejaa mume na mashemeji, na wewe uko peke yako na wodi nzima. Anayekwambia ukae kitako umweleze huyo mama mpaka aridhike, utadhani hajawahi kufanya zamu ya usiku.

Hoja hiyo ya saa imenisumbua miaka mingi, kwa hiyo nitaanza nayo. Miongozo ya uzazi ya Uingereza imekuwa ikitaja dakika 30 kuwa kipimo: tangu uamuzi wa kupasua utolewe mpaka mtoto atoke, pale penye dharura ya kweli. Ukikitazama harakaharaka, kipimo hicho kinaonekana kutoacha nafasi yoyote ya mazungumzo. Lakini hebu zihesabu dakika hizo zinavyokwenda usiku kwenye hospitali ya wilaya. Mtaalamu wa usingizi anapigiwa simu, yuko nyumbani. Maabara wanatafuta damu ya kundi la mgonjwa. Thieta inasafishwa, maana aliyetangulia ametoka sasa hivi. Vifaa bado viko kwenye mashine ya kuchemshia. Umeme ukikatika, mlinzi anakimbilia jenereta. Muda wote huo mama amelala pale, kanula ya dripu mkononi, macho yanafuata kila anayepita.

Nimekaa na kina mama namna hiyo nusu saa, na mara nyingine zaidi ya saa. Kumwambia mtu kwa maneno ya kawaida kwamba mtoto ameanza kuchoka, kwamba tutapasua hapa chini ya tumbo, kwamba utachomwa sindano ya mgongo na miguu itakufa ganzi, kwamba huenda ukahitaji damu, na kwamba mimba ijayo usithubutu kujifungulia nyumbani, hakuzidi dakika tano. Tano ndani ya 30. Tena dakika hizo hazikatwi kwenye za maabara wala za mtaalamu wa usingizi, zinakwenda sambamba nazo. Kila nikirudia hesabu hii, sipati mahali ambapo maelezo ndiyo yaliyokichelewesha kisu.

Na pale ambapo hata hizo tano hazipo, mgonjwa amezimia na damu inamwagika, sheria ilishajibu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inaruhusu tiba bila ridhaa ikiwa kuchelewa kunaweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebika, maadamu mgonjwa hakuwa amekataa. Sheria hiyohiyo inataka mtoa huduma, inapowezekana, aeleze kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa kuzingatia kama anajua kusoma au hajui. Sisi wodini tumezichanganya hali hizi mbili. Tunaichukua haraka ya mtu asiyeweza kusema, tunaitumia kwa mama ambaye yuko macho na anatuuliza maswali.

Swali moja nililoulizwa ndilo lililonibadilisha. Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Mama ana watoto wanne, huyu alikuwa wa tano, na operesheni hii ingekuwa ya tatu. Daktari alikuwa ameandika kwenye faili kwamba apasuliwe na kufungwa kizazi kwa mara moja. Kitabibu ulikuwa ushauri wa maana, kwani kovu juu ya kovu kwenye mfuko wa uzazi si jambo la mchezo. Nikapewa fomu nikamsainishe. Alikuwa ameshika chuma cha kitanda, uchungu unakuja kila baada ya dakika tatu. Nikamwambia, "Mama, daktari ameshauri tukufunge kizazi hapohapo usije ukasumbuka tena. Weka sahihi hapa." Akapokea biro. Uchungu ulipopita akavuta pumzi, akaniangalia.

"Sawa, sista. Na kufunguliwa nije lini?"

Aliuliza Kiswahili sahihi kabisa. Mlango hufungwa ukafunguliwa. Duka hufungwa likafunguliwa. Mwezi wa Ramadhani tunafunga, jua likizama tunafungua. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuwekewa kijiti cha kupanga uzazi na baadaye kikatolewa, dada yake aliwekewa kitanzi kikatolewa. Sisi wa hospitali ndio tuliolichukua neno ambalo kila Mswahili anajua lina kurudi, tukalibandika kwenye jambo ambalo halina kurudi, kisha tukamwambia mtu aweke sahihi chini yake. Kama ningemwambia, "Mirija itakatwa, hutazaa tena maisha yako yote," angenielewa kwa pumzi moja. Sikuwa nimemdanganya. Nilikuwa nimesema neno lililozoeleka, na neno hilo likamdanganya kwa niaba yangu.

Nilirudi kwa daktari na fomu ikiwa tupu, nikamwambia hajaelewa. Akaniambia kazi yangu ni sahihi, maelezo ni yake. Hakwenda kuyatoa, lakini pia hakumfunga, na hilo nampa. Asubuhi muuguzi mfawidhi akanitaka niandike barua ya kujieleza kwa nini nimeichelewesha thieta. Wakati ule fomu inarudi, thieta ilikuwa bado inamsubiri mtu wa usingizi.

Kuna nchi ambako jambo kama hili lilifika mbele ya majaji. Namibia, wanawake watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walifungwa kizazi wakati wa kupasuliwa kujifungua katika hospitali za serikali. Sahihi zao zilikuwepo na serikali ilizitegemea. Julai 2012 Mahakama Kuu mjini Windhoek ikaamua kwamba ridhaa haikupatikana, kwa kuwa karatasi zilisainiwa wakati wanawake wako kwenye uchungu na bila maelezo ya kutosha. Novemba 2014 Mahakama ya Juu ikaliunga mkono hilo. Kwenye kumbukumbu za hospitali upasuaji uliowaondolea uwezo wa kuzaa uliandikwa kwa herufi tatu: BTL, kifupi cha Kiingereza cha kufunga mirija yote miwili ya uzazi. Mimi pia nimeziandika herufi hizo mara nyingi, kwa mkono wa haraka, na kila aliyesaini chini yake aliona tu kwamba daktari ameandika kitu.

Nairobi, kesi ya mwanamke aliyefungwa kizazi bila ridhaa ilifunguliwa mwaka 2014, na Mahakama Kuu ikampa haki Desemba 2022. Watu husimama kwenye fidia wanapoisimulia habari hii. Mimi husimama kwenye miaka. Miaka minane ni umri wa mtoto wa darasa la pili. Chukua mwanamke aliyekwenda mahakamani na miaka 36: siku ya hukumu ana 44, na hata kama mirija ingeweza kurudishwa, mwili umeshaaga habari za kuzaa. Ndiyo maana siridhiki nikiambiwa kwamba mgonjwa aliyeonewa ana mahakama. Kosa hili lina saa yake ya kuzuilika, nayo ni pale kitandani, biro ikiwa bado mkononi. Na kwa kawaida aliyepo saa hiyo ni nesi.

Hapo ndipo naona wauguzi hawaeleweki. Umma ukisikia kesi za namna hii, hasira inakwenda kwa aliyeleta karatasi. Ni hasira ya haki, sitaki kuikwepa: wapo wenzangu wanaosainisha watu kwa ukali, wanaowaambia "usitusumbue." Lakini tazama jinsi wajibu unavyogawanywa. Machi 2018, ilipojulikana kwamba katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta amepasuliwa kichwa mgonjwa ambaye siye, wauguzi walikuwa miongoni mwa waliosimamishwa. Sisemi walionewa, kwa sababu kumtambua mgonjwa kabla hajaingia thieta ni kazi yetu. Nasema tu kwamba siku ya lawama hakuna anayesema nesi ni shahidi. Siku ya lawama nesi ni mtaalamu mwenye leseni. Siku ya fomu ndiyo anakuwa tarishi.

Na leseni hiyo ina jina lake. Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, Baraza la Uuguzi na Ukunga linaweza kumwita muuguzi kujibu kwa mwenendo wake, na "nilitumwa" si jibu la kitaalamu. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizoanza mwaka 1953 na kupitiwa upya mwaka 2021, zinamtaka muuguzi ahakikishe mtu anapata taarifa sahihi, za kutosha na kwa wakati, ndipo aridhie huduma. Kuhakikisha. Ukimtaka mtu ahakikishe jambo ambalo haruhusiwi kulisimamisha, umemwekea mtego.

Hoja ya hofu ina uzito wake, nami nimewaona watu wakitetemeka baada ya kuelezwa. Lakini hofu hiyo mara nyingi ni yetu sisi, tunaogopa mgonjwa ataamua tusivyotaka. Katika kesi ya Montgomery, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015, mama mfupi mwenye kisukari hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yangeweza kukwama, hatari iliyokuwa kati ya asilimia 9 na 10. Daktari alieleza kwamba wakiambiwa, kina mama wengi wangeomba kupasuliwa. Mabega yalikwama, mtoto akazaliwa na ulemavu. Kwa hiyo daktari alijua mama angechagua nini, na ndiyo maana hakumuuliza.

Iko hoja nyingine ambayo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba ridhaa ya mtu mmoja ni desturi ya Wazungu, sisi huamua kama ukoo. Hii siibezi. Neno lenyewe ridhaa ni ndugu wa radhi, ile radhi ya mama mzazi ambayo hakuna anayeisaini popote. Mwanamke anayesema "msubirini mume wangu, tuliahidiana" ameamua, na uamuzi wake ni kusubiri. Namheshimu, nampigia simu mumewe. Lakini nimeona pia mama aliye na akili timamu akipitwa kama hayupo, fomu ikipelekwa nje kwenye benchi kwa shemeji ambaye hata jina kamili la mama huyo halijui. Huko si kuamua kama ukoo, maana mwenye mwili naye ni mmoja wa ukoo. Dawa yake ni swali moja tu la nesi: "Mama, ungependa nani awepo tukizungumza?"

Hoja ya kitaalamu naikubali karibu yote. Nesi asijifanye daktari wa upasuaji. Hata hivyo, kujua kwamba mtu hajaelewa hakuhitaji shahada ya udaktari. Unamwambia, "Hebu nieleze wewe tunakwenda kukufanyia nini," unasikiliza. Akikosea, fomu inarudi kwa daktari. Kwa hiyo sidai muuguzi abebe kazi ya kueleza peke yake, tayari amebeba mengi. Nadai awe na haki ya kuirudisha fomu bila sahihi na asiandikishwe barua asubuhi. Nadai kwenye fomu kuwe na mistari miwili mitupu ambapo maneno ya mgonjwa mwenyewe yataandikwa kama alivyoyasema, kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama ndicho anachokijua. Na mambo ya kufunga kizazi yazungumzwe kliniki ya wajawazito, mwezi wa sita au wa saba, mtu akiwa na siku za kulala nayo nyumbani. Operesheni ya tatu haimwangukii mtu ghafla usiku. Makovu mawili ya mwanzo yalikuwepo kwenye kadi yake tangu hudhurio la kwanza.

Yule mama alirudi na mtoto baada ya wiki sita. Nilikuwa nimepangiwa kliniki. Alikaa kwenye kiti, mtoto anayonya, akaniomba nimweleze tena ile habari ya usiku ule, pole pole. Nikachora mirija nyuma ya karatasi ya dawa, nikakata kwa mstari. Akaiangalia michoro kwa muda, akauliza kama mume wake angeweza kufanyiwa yeye, nikamwambia ndiyo, ipo. Akacheka. Siku hiyo akachagua kijiti.