Kijana wa Muheza asirudishwe kwenye jembe la mkono

Ukikaa kijiweni hapa Tanga siku hizi, mazungumzo ni bandari na bomba la mafuta litakaloishia Chongoleani. Ni habari njema, nami nazifurahia. Lakini naona tunasahau kwamba uchumi wa mkoa huu, na wa nchi nzima, bado umekwama kwenye eka ya mahindi na kiasi anachovuna mtu mmoja kwa msimu.

Karibu theluthi mbili ya Watanzania wanaofanya kazi wako kwenye kilimo, ilhali kilimo chote kinachangia zaidi kidogo ya robo ya pato la taifa. Piga hesabu mwenyewe: kwa wastani mkulima mmoja anazalisha chini ya robo ya anachozalisha mtu aliye nje ya kilimo. Wapo wanaosema tatizo ni uvivu. Hao hawajawahi kupalilia masika, pale ambapo ukimaliza upande mmoja wa shamba majani yameshaota upande wa pili.

Shangazi yangu analima mahindi na mihogo huko Muheza. Mahindi akipata gunia sita kwa eka, huo kwake ni mwaka mzuri. Bwana shamba kamwambia eka hiyohiyo inaweza kutoa gunia kumi na tano akitumia mbegu ya dukani, mbolea ya kupandia na ya kukuzia. Shangazi halipingi hilo, maana ameliona kwa jirani. Nilipomuuliza kwa nini basi hanunui, alinijibu, "Mwanangu, mvua ikikata wiki ya tatu mahindi yanakauka, na deni la watu liko palepale."

Wataalamu huita hali hii ukosefu wa elimu. Mimi naiona ni hesabu iliyopigwa vizuri kabisa. Mtu asiye na akiba wala bima, mwenye watoto wanaosubiri kula, atachagua gunia sita za uhakika aache kumi na tano za kubahatisha. Ruzuku ya mbolea iliyoanza mwaka 2022 imepunguza bei, na hilo nalipongeza kwa moyo wote. Ila ruzuku haileti mvua.

Panda Lushoto uone tofauti. Kule mabondeni watu wana mifereji, wanalima kabichi, nyanya na karoti, wakivuna zao moja wanaingiza jingine. Mkulima wa Lushoto ananunua mbegu na mbolea kwa sababu maji anayaona kwa macho, na kwa sababu kuna lami ya kushuka Mombo inayofikisha mzigo Dar es Salaam kabla haujaoza. Hajamzidi shangazi yangu akili. Amemzidi maji na barabara.

Nchi zilizotoka kwenye umaskini karne iliyopita nyingi zilipitia hapo, kwa kuinua kwanza mavuno ya mkulima. Vietnam ya miaka ya 1980 ilikuwa inaagiza chakula. Mwaka 1988 serikali ikazipa familia mashamba ya kulima kwa miaka mingi, na ruhusa ya kuuza mavuno yao. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikauza nje zaidi ya tani milioni moja za mchele. Mifereji ilikuwepo tayari; kilichokosekana ni mkulima kuwa na hakika kwamba jasho lake litamrudia. Viwanda vilikuja baadaye, na vikawakuta vijana ambao familia zao zilikuwa na chakula cha kutosha hata mikono yao ikipungua shambani.

Ndiyo maana wito wa "vijana warudi shambani" unanikera. Kijana wa Muheza aliyekuja mjini kuendesha bodaboda hajaisaliti nchi. Nchi zinapoendelea, wakulima hupungua na kila mmoja wao hulisha watu wengi zaidi. Ubaya ni kwamba huku kwetu kijana anaondoka na mavuno ya nyumbani yanabaki yaleyale, kwa hiyo sembe inapanda bei mjini na mshahara wote unaishia tumboni. Kumrudisha akashike jembe lilelile la babu yake kutaongeza watu wa kugawana gunia sita.

Tanga tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ikipona ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Reli, bandari, majumba ya mji huu, vyote vina mkono wa mkonge. Lakini utajiri ule ulikaa kwenye mashamba makubwa, kazi wakifanya manamba, yaani vibarua walioletwa kutoka mbali, na mkulima wa chakula hakuna aliyemgusa. Kamba za plastiki zilipoiporomosha bei, hapakuwa na kijiji chenye fedha ya kuushikilia mji.

Na mavuno yakiongezeka bila soko, hasara inabadilika sura tu. Msimu wa machungwa Muheza unayaona yameanguka chini ya miti hayana wa kuyaokota. Mkulima aliye na shida ya ada ameshauza yakiwa bado mtini, kwa bei aliyoitaja mnunuzi, na malori yanayapeleka Kenya kupitia mpaka wa Horohoro.

Kwa hiyo wabunge wetu wakiniuliza fedha ianzie wapi, jibu langu ni maji. Mito ya Pangani, Zigi na Umba inapita mkoani humu ikimwaga maji baharini, huku vijiji vya jirani vikisubiri mawingu. Baada ya mifereji zije barabara za vijijini, kisha maghala ambamo mtu anaweza kuweka mahindi yake miezi minne bila kuliwa na mdudu dumuzi, auze bei ikipanda. Mbolea shangazi ataitafuta mwenyewe, duka analijua lilipo.