Pinter alikuwa mwigizaji kwanza

Kila anapotajwa Harold Pinter, utambulisho huwa uleule: mtunzi wa tamthilia wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2005. Ni kweli, na tuzo hiyo aliistahili. Lakini utambulisho huo unaruka miaka ambayo kijana huyu alikuwa akila kwa kuigiza tu, na unaisahau miaka mingi zaidi ambayo aliendelea kuigiza akiwa tayari na jina kubwa la utunzi. Nashikilia kwamba asiyemjua Pinter mwigizaji hajamwelewa Pinter mtunzi.

Alizaliwa mwaka 1930 Hackney, mashariki mwa London, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa fundi cherehani wa nguo za wanawake. Pale shuleni Hackney Downs, mwalimu wake wa Kiingereza, Joseph Brearley, alimpa nafasi ya Macbeth, kisha Romeo. Mwaka 1948 akaingia RADA, chuo cha uigizaji chenye hadhi kubwa, akakiacha bila kumaliza. Wakati huohuo alikataa kwenda jeshini kwa sababu ya dhamiri yake, akafikishwa mahakamani na kutozwa faini. Lile jambo la mtu kuitwa na wakubwa na kuulizwa maswali ambayo hakuna jibu litakalowaridhisha, Pinter alilijua kabla hajaliandika.

Shule yake hasa ilikuwa barabarani. Kuanzia mwaka 1951 alizunguka Ireland na kampuni ya Anew McMaster, wakiigiza Shakespeare hata katika miji midogo. Baadaye akafanya kazi na Donald Wolfit, mwigizaji wa mtindo wa zamani aliyeamini kwamba jukwaa linatawaliwa kwa sauti na kifua. Mwaka 1954 akajipa jina la jukwaani, David Baron, na kwa takriban miaka mitano akaigiza chini ya jina hilo katika kumbi za mikoani.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana wasifu mwingi hupapita mbio. Kampuni nyingi za mikoani zilibadilisha mchezo karibu kila wiki. Mchana mnafanya mazoezi ya mchezo wa wiki ijayo, usiku mnaigiza wa wiki hii, na kabla ya kulala unakariri. Michezo yenyewe ilikuwa ya upelelezi na mauaji, vichekesho vya sebuleni, hadithi za mapenzi. Baron alipendelea kucheza watu wabaya. Mwigizaji anayefanya kazi hiyo kwa miaka hujifunza mambo ambayo hayafundishwi darasani: mgeni akiingia mlangoni na hajasema anataka nini, ukumbi mzima unakaza macho, swali la kawaida kabisa likiulizwa mara ya pili linageuka tishio, na anayenyamaza humshinda anayepiga kelele. Ukizifungua tamthilia za mwanzo za Pinter utayakuta yote matatu. Wahakiki walitafuta asili ya utisho wake kwa waandishi Kafka na Beckett, na kweli aliwasoma na kuwapenda. Mimi naona kumbi za Torquay na Bournemouth zilimfundisha kiasi hichohicho.

Hata visa vyenyewe vilitoka kwenye maisha ya mwigizaji msafiri. Akiwa kwenye ziara mwaka 1954 alifikia Eastbourne, mji wa pwani, katika nyumba duni ya kupangisha wageni, na humo akamkuta mpangaji mmoja mpweke aliyekuwa akipiga piano. Mtu yule hakumtoka akilini. Miaka mitatu baadaye, akiwa ziarani tena, aliandika The Birthday Party: Stanley, mpangaji aliyejificha katika nyumba ya pwani, anafuatwa na wageni wawili, Goldberg na McCann, wasiosema wametumwa na nani. Tamthilia yake ya kwanza, The Room, nayo ilizaliwa katikati ya kazi. Rafiki yake wa shuleni, Henry Woolf, aliyekuwa idara ya maigizo ya Chuo Kikuu cha Bristol, alimwomba mchezo, naye akauandika kwa siku chache huku jioni akipanda jukwaani.

The Birthday Party ilipoonyeshwa London Mei 1958, katika ukumbi wa Lyric kule Hammersmith, magazeti yaliitandika, na baada ya wiki moja tu ikaondolewa. Sifa za Harold Hobson wa Sunday Times zilitoka Jumapili, wakati onyesho limeshakwisha. Pinter alikuwa na mke na mtoto mchanga. Wengi wangeacha kuandika. Nadhani kilichomwokoa ni uzoefu wa kazi ileile: alishazoea mchezo kufungwa Jumamosi na mwingine kufunguliwa Jumatatu, kwa hiyo kushindwa kwa wiki moja hakukuwa hukumu ya maisha. Miaka miwili baadaye tamthilia yake The Caretaker ikapokewa kwa shangwe na kuigizwa mara 444. Aliyeigiza Mick, yule ndugu mdogo mwenye ulimi wa kukata, alipoondoka, Pinter mwenyewe alishika nafasi hiyo kwa wiki kadhaa.

Sasa nije kwenye vile vituo vyake maarufu, yaani pale mhusika anaponyamaza kabla ya kuendelea, maana hapa wasomi wamemwonea. Katika maandishi yake anatenganisha kituo kifupi na kimya kirefu, na vitabu vizima vimeandikwa kuhusu falsafa iliyomo humo. Sisi tulioisoma tamthilia kama kitabu cha mtihani tulifundishwa kutafuta dhamira na sifa za wahusika. Maelekezo yaliyo kwenye mabano tuliyaruka. Kwa Pinter, hayo ndiyo mchezo. Ni mwigizaji anayewaambia waigizaji wenzake: hapa mtu wako amekwama, hapa anapima uongo, hapa ameshindwa na hataki ijulikane. Mwaka 1962, akizungumza na wanafunzi Bristol, alieleza kwamba kuna kimya cha kutosema neno, na kuna kimya kingine kinachojificha ndani ya maneno mengi. Na uzeeni alichoshwa na waigizaji walioviabudu vituo vyake; alisema kama kituo hakina maana jukwaani, kikatwe. Hilo ni jibu la mtu aliyewahi kusimama mbele ya hadhira na kuhisi inapoanza kuchoka.

Siwezi kuandika haya nikamwacha Vivien Merchant, mkewe wa kwanza, waliyeoana mwaka 1956. Walipokuwa wakiigiza katika kumbi za mikoani, nyota alikuwa yeye. Pinter alizoea sauti yake, utulivu wake, namna alivyoweza kuketi tu na jukwaa zima likawa lake. Ruth wa The Homecoming ya mwaka 1965, mwanamke anayeingia katika nyumba ya wanaume wakali na kuwageuza bila kupaza sauti, aliigizwa kwanza na Merchant. Ndoa ilivunjika kwa uchungu, naye akafariki mwaka 1982. Kila nikisoma sifa za wanawake wa Pinter, wachache lakini wazito, naona deni ambalo wahakiki hawalilipi: sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa kipaji cha mwigizaji huyu.

Kwenye skrini Pinter hakuwahi kuwa nyota. Alipita kwa dakika chache katika The Servant na Accident, filamu alizoziandika mwenyewe kwa ajili ya mwongozaji Joseph Losey. Miaka mingi baadaye alikuwa Sir Thomas katika Mansfield Park ya mwaka 1999, bwana wa nyumba ambaye utajiri wake unatoka katika mashamba ya watumwa, na katika Wit ya mwaka 2001 akawa baba wa mhusika wa Emma Thompson. Ni nafasi ndogo, lakini mtazame Sir Thomas: adabu zote za kiungwana zipo, na chini yake kuna ukatili usioinua mkono.

Uhusika huohuo aliufikisha kileleni jukwaani. One for the Road aliiandika mwaka 1984, akiwa amekasirishwa na mateso ya wafungwa wa kisiasa. Mwaka uliofuata alikwenda Uturuki pamoja na Arthur Miller kwa niaba ya PEN, chama cha kimataifa cha waandishi, kuonana na waandishi walioteswa. Katika tamthilia hiyo Nicolas, ofisa wa dola isiyotajwa jina, anamhoji mtu, kisha mtoto wa mtu huyo, kisha mkewe. Hakuna kipigo kinachoonyeshwa. Nicolas anamimina kinywaji, anazungumzia Mungu na uzalendo, anatania. Mwaka 2001, akiwa na miaka 70, Pinter alimwigiza Nicolas mwenyewe, London na New York. Mtu aliyetumia miaka akipinga mateso kwa barua, hotuba na maandamano alikubali kuvaa ngozi ya mtesaji na kumpa haiba yake yote. Sijui ujasiri wa kisanaa unaopita huo. Ilikuwa rahisi kumchora mtesaji kama shetani. Mwigizaji wa kweli anajua kwamba mhusika lazima ajipende, naye Pinter alimwacha Nicolas ajipende mbele yetu mpaka tukaona namna watu wa kawaida wanavyoweza kuifanya kazi hiyo.

Muda mfupi baadaye saratani ya umio ikampata. Nobel ilipokuja hakuweza kusafiri kwenda Stockholm. Hotuba yake ilirekodiwa London, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Wengi waliijadili kwa sababu ya shutuma zake dhidi ya vita vya Iraq. Mimi naishangaa pia kama uigizaji: sauti imekwaruzwa na ugonjwa, lakini hakuna sentensi inayopotea, na hasira inatolewa kwa kipimo. Oktoba 2006 akapanda jukwaa la ukumbi wa Royal Court, London, katika tamthilia ya Krapp's Last Tape ya Beckett, rafiki yake aliyekwisha kufariki, akaiigiza mara tisa ndani ya kiti cha magurudumu cha umeme. Vituko vya kuteleza kwenye ganda la ndizi, vilivyoandikwa na Beckett mwenyewe, viliachwa. Alibaki mzee anayesikiliza sauti yake ya ujanani kwenye kanda.

Alifariki tarehe 24 Desemba 2008. Miaka mitatu baadaye ukumbi wa Comedy, karibu na Leicester Square, ulipewa jina lake. Mara nyingi jina hilo huelezwa kuwa ni heshima kwa mtunzi. Lakini mwaka 1993, katika ukumbi huohuo, aliyekuwa jukwaani akimwigiza Hirst wa tamthilia yake No Man's Land, mkabala na Paul Eddington, ni Pinter mwenyewe, mistari ameikariri kama alivyoikariri ya wengine wakati akiitwa David Baron.